AC Inayopoza na Kupasha Joto: Dalili za Ubovu na Vyanzo Vyake kwa Nyumba za Dodoma

Tangu serikali ianze kuhamia Dodoma mwaka 2016, nyumba mpya za Ilazo, Kisasa, Iyumbu na Mtumba zimejaa AC za ukutani. Baadhi yake hufanya kazi mbili: Oktoba zinapoza, Julai usiku zinapasha joto chumba. Hizi ndizo ambazo vitabu vya ufundi huziita pampu za joto. Hazichomi kitu wala hazina waya wa kupasha kama hita ya kawaida. Zinachota joto lililomo kwenye hewa ya nje na kulisukuma ndani, na hata hewa ya nyuzi 13 za alfajiri ya Julai ina joto la kutosha kuchotwa. Ndiyo maana uniti moja ya umeme inaweza kukupa joto la uniti tatu au zaidi.

Kijitabu kinachokuja na mashine kimeandikwa kwa mtu anayeishi kwenye theluji. Kinasisitiza barafu ya nje na upepo wa baridi kali. Huku kwetu wagomvi wa AC ni wawili, vumbi na umeme, na gesi inakuja nyuma yao kwa mbali. Lakini kati ya mafundi watano utakaowaita, wengi watafungua boksi la zana na kutoa geji ya gesi, yaani kipimo cha presha, kwanza. Fundi akianza na geji kabla hajachomoa filta, mwombe asubiri kidogo. Sababu utaiona hapa chini.

Jambo moja kabla hujashika chochote. Zima AC kwenye breka yake, si kwa rimoti. Mashine ya nje ya AC ya inveta (ambayo kompresa yake, yaani pampu ya kusukuma gesi, hubadili kasi) ina kapasita kubwa kwenye bodi, vihifadhi umeme vinavyotunza zaidi ya volti 300 hata baada ya umeme kuzimwa, kwa hiyo kifuniko cha nje ni cha fundi. Wewe filta, bomba la maji na kuosha mapezi (vile vibati vyembamba vinavyopitisha hewa) kwa nje vinakutosha.

Haiwaki kabisa

Anza na rimoti. Fungua kamera ya simu, ielekezee ncha ya rimoti, bonyeza kitufe: ukiona kitaa kinamulika kwenye kioo cha simu, rimoti ni nzima (kamera ya mbele huonyesha vizuri zaidi). Kisipomulika, badilisha betri. Rimoti ikiwa nzima na mashine imenyamaza, tafuta kitufe kidogo cha kuwashia kwa mkono chini ya mfuniko wa mashine ya ndani. Ikiwaka kwa kitufe hicho lakini ikaikataa rimoti, tatizo ni kile kijicho cha kupokea mawimbi.

Ikigoma kote, nenda kwenye breka na swichi ya ukutani. Hapa ndipo penye kasoro ya ujenzi inayojirudia sana: AC ya BTU 12,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza) imechomekwa kwenye soketi ya kawaida ya ampea 13, wakati mwingine kupitia ekstensheni. Mashine inaanza, plagi inapata moto, inalegea, inaungua taratibu mpaka inakuwa kahawia. Chomoa uitazame meno yake. Ukiona weusi au plastiki iliyoyeyuka, usibadilishe plagi tu. AC inataka waya wake wenyewe kutoka meni swichi, wenye unene wa milimita za mraba 2.5 angalau, na swichi yake ya ampea 20.

Umeme ukiwa umekatika na kurudi, ngoja. Mashine nyingi zinajizuia kwa dakika tatu hivi kabla kompresa haijaanza ili msukumo wa gesi usawazike. Watu wengi hubonyeza rimoti mara kumi ndani ya dakika hizo na kuhitimisha kwamba imekufa.

Kuna chanzo kingine ambacho hakimo kwenye kijitabu chochote: mjusi kafiri. Anafuata joto la bodi ya mashine ya nje usiku, anakanyaga nyaya mbili kwa pamoja, na asubuhi fundi anakuta mjusi aliyekauka na alama nyeusi kwenye bodi. Sisimizi nao hupenda kuingia humo. Tundu zinapopita nyaya zizibwe kwa silikoni. Ni kazi ya robo saa, na bodi ya inveta si kitu cha bei nafuu.

Inawaka, inapuliza, lakini haipozi

Hili ndilo linalowaleta mafundi wa gesi, na ndilo la kulichunguza polepole.

Pima kwanza badala ya kukisia. Weka rimoti kwenye kupoza, nyuzi 16 au 18, feni juu, subiri dakika 15. Tumia kipimajoto chochote cha kawaida: soma hewa inayovutwa juu ya mashine, kisha hewa inayotoka mdomoni. Hewa ya Dodoma ni kavu, kwa hiyo tofauti huku huwa kubwa kuliko Pwani, nyuzi 10 au zaidi mashine ikiwa nzima. Ukipata 10 na bado chumba ni cha moto, AC yako haina kosa. Chumba ndicho kikubwa kuliko mashine, au jua la saa tisa linapiga moja kwa moja kwenye kioo cha dirisha la aluminiamu, au dari haina kitu juu yake zaidi ya bati. Ukipata nyuzi tano au sita, endelea kusoma.

Chomoa filta. Kuanzia Juni mpaka Novemba, upepo ukivuma na barabara za mtaa zikiwa bado za udongo, filta inaweza kuvaa blanketi la vumbi jekundu ndani ya wiki mbili. Kama jirani anajenga, changanya na vumbi la saruji. Ioshe kwa maji ya bomba, ianike kivulini, irudishe ikiwa kavu. Kisha mulika tochi kwenye koili, yaani mabomba ya gesi yenye mapezi, iliyokuwa nyuma ya filta. Ukiona manyoya ya kijivu yameziba nafasi za mapezi, filta pekee haitoshi, inahitaji sevisi ya kuoshwa kwa dawa yake.

Sasa sikiliza kinachotokea pale fundi anapofunga geji bila kuosha. Koili ya ndani ikiwa imezibwa na vumbi, hewa ya chumba haiifikii vya kutosha, gesi haipati joto la kuichemsha, na presha ya upande wa kuvuta inashuka. Geji inaonyesha presha ya chini, sawasawa na mashine iliyopungukiwa gesi. Fundi anasema gesi imeisha, anaongeza, sindano inapanda, wewe unalipa. Wiki moja baadaye mtu mwingine anaosha koili, hewa inapita, na sasa mashine ina gesi iliyozidi. Ikifika Oktoba saa nane mchana presha ya upande wa nje inapaa, kompresa inajizima kujilinda, na unaambiwa kompresa imechoka. Hakuna kilichochoka hapo.

Gesi ya AC si kama ya mtungi wa jikoni, haiishi kwa kutumika. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa miaka yote. Ikipungua, kuna mahali inapovujia, na kuongeza bila kupatafuta mahali hapo ni kulipia tena baada ya miezi michache.

Baada ya ndani, toka nje. Mashine ya nje huvuta hewa kwa nyuma na ubavuni na kuitupa mbele. Angalia mapezi ya nyuma, ambako hakuna anayetazama: vumbi, nyasi, na mara nyingi mfuko wa nailoni uliopeperushwa na upepo ukabanwa pale. Oshea kwa mpira wa maji wa kawaida, taratibu, mashine ikiwa imezimwa kwenye breka. Usitumie mashine ya kuoshea magari. Mapezi yale hujikunja kwa msukumo huo, na yakilala hewa haipiti tena. Maji yetu mengi ya visima yana chumvi, kwa hiyo ukimaliza usiyaache mapezi yakitiririka maji kila siku kama bustani, eti ili yapoe. Chumvi hubaki kama utando mweupe na kuwa blanketi jipya.

Halafu kizimba. Kwa kuogopa wezi wa shaba, watu wamechomelea vizimba vya nondo kuzunguka mashine ya nje. Nondo zenye nafasi hazina shida. Tatizo ni pale fundi wa kuchomelea alipoongeza bati au wavu wa matundu madogo mbele ya feni, au mashine ilipobanwa kwenye uchochoro kati ya nyumba na fensi. Hewa ya moto inatoka, inagonga ukuta, inarudi kuvutwa tena. Dalili yake ni ya pekee: asubuhi na usiku inapoza vizuri sana, kuanzia saa saba mchana inapuliza vuguvugu. Ukiona ratiba hiyo, usimwite fundi wa AC. Mwite wa kuchomelea aje akate wavu wa mbele.

Vyote hivyo vikiwa safi na tofauti ya joto bado ni ndogo, ndipo gesi inapoingia kwenye mashtaka. Tafuta mafuta kwenye nati za mabomba, nje na ndani. Gesi inayovuja hutoka na mafuta ya kompresa, na vumbi la Dodoma likinasa hapo linafanya doa jeusi linalonata. Paka povu la sabuni. Mapovu yakikua, umempata mwizi. Mashine ikiwa inafanya kazi kwa nguvu zote, fundi mwenye klampu mita (kipimo cha umeme kinachobana waya) anaweza pia kupima ampea: zikiwa chini sana ya zilizoandikwa kwenye kibati cha mashine, gesi ni pungufu au kompresa ni dhaifu, zikiwa juu, rudi kwenye uchafu, feni ya nje au gesi iliyozidishwa.

Barafu

Barafu kwenye koili ya ndani wakati wa kupoza ina maana mbili. Ikianza kwenye bomba jembamba pale nje na kubaki hapo, elekea kwenye gesi pungufu. Ikifunika koili nzima na kufuata bomba nene mpaka kwenye kompresa, elekea kwenye hewa: filta, koili chafu, feni ya ndani inayozunguka kichovu. Kwa vyovyote vile, usiikwangue kwa kisu. Zima kupoza, acha feni peke yake izunguke hata saa mbili, weka kitambaa chini, barafu itayeyuka. Kuendelea kuiendesha ikiwa na barafu kunarudisha gesi ikiwa bado kimiminika kwenye kompresa, na kompresa imeundwa kusukuma mvuke tu.

Barafu kwenye mashine ya nje wakati wa kupasha joto ni hadithi tofauti. Kule Ulaya na Japani ni jambo la kila usiku, na mashine ina utaratibu wake wa kuiyeyusha. Hutokea hewa ya nje inapokaribia nyuzi 5 au chini ya hapo. Usiku wa Julai wa Dodoma kwa kawaida haufiki huko. Kwa hiyo ukiamka ukakuta mashine ya nje imevaa barafu, usiridhike na maneno ya kijitabu kwamba ni kawaida. Huku si kawaida. Feni ya nje imesimama, mapezi yamezibwa, au gesi imepungua.

Julai imefika na haipashi joto

Kabla ya yote, hakikisha mashine yako ina uwezo huo. AC nyingi zinazouzwa nchini ni za kupoza tu, ila rimoti zake, hasa zile za kununua sokoni zinazokubali kila aina, zina alama ya jua. Ukibonyeza jua mashine inakubali kwa mlio, kisha inapuliza hewa ya kawaida usiku kucha. Soma kibati kilichobandikwa ubavuni mwa mashine ya nje. Kama hakuna mstari wenye neno "Heating" na kiwango chake, hiyo haipashi joto, na hakuna fundi wa kuirekebisha.

Ikiwa inao, ipe muda. Ukiwasha kupasha joto, feni ya ndani hukaa kimya dakika moja mpaka kadhaa ikisubiri koili ipate moto ili isikupulizie baridi. Nje utasikia "shwaaa" ya gesi ikibadili mwelekeo, na utaona maji yakidondoka chini ya mashine ya nje. Vyote ni sawa. Wakati wa kupasha, maji hutoka upande wa nje, kinyume na ulivyozoea.

Baada ya dakika kumi bado baridi? Gusa kwa tahadhari lile bomba nene nje, kwani likiwa zima linaunguza. Likiwa la baridi, valvu ya kugeuza mwelekeo wa gesi haikugeuka, na mashine inaendelea kupoza huku wewe umeweka jua. Valvu ikikaa miezi kumi bila kutumika hunata. Fundi apime kama koili yake ya umeme inapata volti wakati wa kupasha joto. Ikipata na valvu haisogei, tatizo ni valvu yenyewe. Isipopata, tatizo ni bodi au waya. Likiwa vuguvugu tu, si baridi wala si moto, shuku valvu iliyosimama katikati au gesi pungufu.

Na kuna lalamiko lisilo ubovu: mashine ipo karibu na dari, hewa ya moto hupanda, kihisi joto cha mashine kinaona joto limetosha huku miguu yako kitandani inaganda. Elekeza mapezi ya mdomo chini kabisa, ongeza nyuzi mbili kwenye rimoti.

Maji ndani ya nyumba

Kwa kawaida malalamiko haya huanza Desemba, na watu huyahusisha na mvua kupenya ukutani. Kiangazi hewa ni kavu, AC inatoa maji kidogo mno, na bomba la kutolea maji linajaa vumbi na utelezi bila kuonyesha dalili. Mvua zikianza unyevu unapanda, maji yanaongezeka ghafla, hayana pa kupita, yanafurika kwenye sinia linaloyapokea chini ya koili na kushuka ukutani.

Kagua ncha ya bomba nje. Nyigu hupenda kuijengea udongo. Toboa taratibu, kisha vuta uchafu kwa nje, au mwaga bakuli la maji kwenye sinia ndani na utazame yanatokaje. Yakitoka mkondo mzuri, umemaliza. Funga wavu mdogo kwenye ncha. Yakisita, huenda bomba limelegea katikati na kufanya tumbo, au mashine ya ndani imeinama upande usio wake. Ncha isizamishwe kwenye ndoo ya maji. Hewa ikinaswa ndani, maji hayashuki.

Breka inaruka, taa zinafifia, kompresa inanguruma na kukata

AC za kasi moja ndizo zinazoteswa zaidi na umeme mdogo. Utasikia nje "mmmm", taa za nyumba zinafifia, kisha "tak", kimya, na baada ya dakika chache inajaribu tena. Mara nyingi ni kapasita ya kuanzishia, ambayo ikivimba juu kama mkate haihitaji hata kipimo. Ni kipuri cha bei ndogo na fundi anakibadilisha upesi. Inveta hazina kapasita ya namna hiyo kwenye kompresa, kwa hiyo ukiambiwa ya inveta yako imekufa, uliza anaongelea ipi.

Kapasita ikiwa nzima, pimeni volti sehemu mbili kwa wakati mmoja kompresa inapoanza: kwenye meni swichi na kwenye AC. Zikishuka sehemu zote mbili, tuseme kutoka 230 hadi 190, laini ya mtaa imezidiwa au transfoma iko mbali, na hilo ni la kuripoti TANESCO. Zikishuka kwenye AC pekee, waya wa nyumba yako ni mwembamba au kiungio kimelegea, na hiyo ni kazi ya fundi umeme.

Breka inayoruka papo hapo kila ukiwasha, hata kabla kompresa haijanguruma, ni shoti: waya uliotafunwa na panya, injini ya feni iliyoingia maji, au kompresa iliyoungua ndani. Usiirudishe tena na tena.

Kifaa cha kulinda friji cha ampea 5 hakifai kwa AC. Kitaungua, na kikiungua huku swichi yake ya ndani imenata, kinaweza kuipitishia mashine umeme wowote. Nunua cha AC kilichoandikwa ampea zinazozidi za kibati chako, chenye kuchelewesha dakika tatu baada ya umeme kurudi.

Uniti zinaruka

Mashine inayovuta kilowati moja kwa saa nane inakula uniti nane. Aliye kwenye kundi la matumizi madogo la uniti 75 kwa mwezi atazimaliza usiku wa tisa au wa kumi. Huo si ubovu. Ubovu ni pale matumizi yanapopanda bila saa za kuwasha kuongezeka, na hapo rudi kwenye koili ya nje.

Kelele, harufu, na namba kwenye kioo

Kugongagonga nje ni boliti za bano au panga la feni linalogusa. Harufu ya soksi ni koili chafu na sinia lenye utelezi. Harufu ya plastiki inayoungua: zima kwenye breka sasa hivi, maswali baadaye. Namba kama E1 au F3 zinatofautiana kwa kila kampuni, kwa hiyo maana uliyoipata ya AC ya jirani haikusaidii. Ipige picha kabla hujazima, zima breka kwa dakika kumi, washa. Isiporudi, huenda ilikuwa umeme. Ikirudi, mpe fundi ile picha.

Ikithibitika ni gesi

Uliza kibati kinasema gesi gani: R22, R410A au R32. Hazichanganywi. R32 inaweza kushika moto, hivyo asichomelee bomba lenye gesi ndani wala kuifanyia kazi chumba kikiwa kimefungwa. Baada ya kuziba panapovuja, ajaribu presha kwa naitrojeni, avute hewa yote kwa pampu ya vakyumu kwa nusu saa hivi, kisha apime gesi kwa mizani kufuata gramu zilizoandikwa kwenye kibati, na aongeze ya urefu wa bomba kama kijitabu kinavyoelekeza pale linapozidi kipimo cha kiwandani. Kwenye inveta geji peke yake haisemi ukweli, kwa kuwa presha inapanda na kushuka kadiri kompresa inavyobadili kasi. Fundi asiye na mizani hajapima, amekadiria. Mwambie arudi nayo, na umlipe siku hiyo.